Upawa wa Mma-Oteng

Chupa ilipatikana ndani ya buti la mvua la marehemu babu, na aliyeipata ni Mma-Oteng, mwanamke ambaye katika kijiji kizima cha Thamaga hakuna alichowahi kukitafuta akakikosa, iwe sindano, iwe habari. Alikuwa ameingia stoo ya kaka yake kuchukua ungo. Akaona buti moja limesimama wima na mwenzake limelala. Akatia mkono, akatoa chupa ya lita mbili ya soda ya zambarau, imebaki robo, kifuniko kimekazwa kama cha dawa ya mifugo.

Mtu mwingine angemwita mwenye kosa pembeni, wakayamaliza kimyakimya. Mma-Oteng hakuumbwa kwa mambo ya pembeni. Tena Jumapili ile ua ulikuwa umejaa pomoni. Kelebonye, binti mkubwa wa kaka yake, alikuwa anaolewa Jumamosi, na wanawake wa ukoo na wa jirani walikuwa wametandaza mikeka kivulini mwa nyumba, hawa wakichambua maharage, hawa wakipinda nguo za buluu za harusi, na wote wakisema kwa pamoja bila yeyote kupotewa na neno. Penye hadhira kama ile, kuficha chupa ingekuwa dhambi. Akatoka nayo ameikamata shingoni kama kuku.

"Jamani," alisema, "buti la baba limezaa."

Wakaangua kicheko. Larona, mdogo wake bibi harusi, msichana wa miaka kumi na mitano, alikuwa ameegemea ukuta akishona vifungo. Hakuinua kichwa, na huko kutoinua kichwa ndiko kulikomtaja.

"Larona."

"Abee, shangazi."

"Buti hili lako?"

"La babu."

"Na kilichokuwemo?"

"Hicho ndicho changu."

"Ya tatu hiyo wiki hii," alidakia Mma-Seabe, jirani wa ukuta kwa ukuta, bila kuacha kupinda nguo. "Mimi naziona zikiingia. Huyu akikatwa mkono hatoki damu, anatoka mapovu."

Gosego, muuguzi wa kliniki na mke wa Oteng, mtoto wa kwanza wa Mma-Oteng, hakucheka na wenzake. "Mama, hilo si la kuchekea sana," alimwambia mkwewe. "Kliniki tunawaona watoto wa rika hili. Akikatishwa ghafla siku mbili tatu, kichwa kinamgonga, ananuna, hasikii la mtu, mawazo yote yako kwenye chupa. Wapo wanaosema inamkamata mtu kama sigara. Wapo wanaosema ni mazoea tu. Lakini kichwa kinauma kweli, si maigizo."

"Mimi haijanikamata," alisema Larona. "Nikitaka kuacha naacha hata leo."

"Hayo ni maneno ya mume wangu," alisema Mma-Seabe, "na huyasema akiwa ameishika hiyo bia."

Wakacheka tena, na safari hii Larona akainua kichwa, uso umemwiva. Mma-Oteng akaona hapo ndipo pa kupiga msumari.

"Haya basi. Acha leo. Ukionja tone la soda kuanzia sasa mpaka dada yako atoke kanisani, mstarini utoke."

Mstari wenyewe ulikuwa wa wachezaji wa harusi. Kwa miezi miwili vijana wa mtaa walikuwa wakifanya mazoezi ya hatua za kuchezea harusini, wasichana sita na wavulana sita, kila jioni mpaka vumbi la pale uwanjani likawa laini kama unga. Larona ndiye aliyeongoza. Alisimama mbele kabisa, upande wa kulia, na Tumo, kijana aliyewafundisha, aliwaambia wengine wakipotea wamtazame yeye. Na bibi harusi akishatoka kwenu, shangazi ndiye mwenye neno: akisema fulani hachezi, hachezi, hata baba mtu hafungui mdomo.

Larona alikaza uzi kwenye kifungo, akaukata kwa meno. "Sawa, shangazi. Na chai yako je?"

"Chai yangu imefanya nini?"

"Vijiko vitano. Sukari ni ileile, ya mfuko uleule. Juzi ulinituma mimi dukani."

"Chai si soda, mtoto wewe."

"Larona hajatukana," alisema Mma-Seabe, na sasa aliiweka kabisa nguo chini. "Kauliza. Mimi nasema hivi: yeye aache soda, na wewe uache sukari, kwenye chai na kwenye chochote. Yeye akishindwa anatoka mstarini. Wewe ukishindwa, upawa unahamia kwangu."

Hapo hata waliokuwa jikoni walichungulia. Upawa ule ulikuwa wa mbao, mrefu kama mkono wa mtu mzima, umekolea rangi kwa tangawizi ya miaka kumi na tisa. Ndio uliokoroga gemere, yaani kinywaji cha tangawizi, kwa kila harusi na kila msiba upande ule wa Thamaga, na wa kuushika alikuwa mmoja tu. Watu walikuja kuzika wakiwa na huzuni, wakanywa gemere ya Mma-Oteng, wakaondoka wakimsifu marehemu. Mma-Seabe alikuwa ameutamani upawa huo tangu mwaka wa kwanza, na alikuwa muungwana kiasi cha kulisema hilo waziwazi kila mara.

Mma-Oteng aliwatazama wanawake ishirini na kitu waliokuwa wakimtazama. Angerudi nyuma vipi? Habari ingefika mji wa Molepolole kabla ya maharage kuiva.

"Kubali wewe, nami nimekubali," alimwambia Larona. Chupa akaimimina mchangani mbele ya wote. Mchanga ukafuka mapovu, na Larona akageuza uso.

*

Jumatatu chai ilikuwa na ladha ya maji yaliyooshewa majani. Mma-Oteng aliinywa akiwa amefumba macho. Saa sita kichwa kilianza kumpiga nyuma ya jicho la kushoto, tok, tok, kama mtu anayebisha hodi na hataki kuingia. Akagombana na jogoo. Akagombana na mwenye kukodisha mahema kwa sababu ya kamba, na kamba zenyewe zilikuwa nzima. Alipopita kwa fundi cherehani akaambiwa habari tamu ya mchungaji na gari la mchungaji, lakini alipofika nyumbani alikuta ameisahau nusu yake, jambo ambalo halijawahi kumtokea.

Kwa Larona mambo yalikuwa mabaya zaidi. Jioni mazoezini alizunguka kushoto wote wakizunguka kulia, akagongana na mvulana aliyemfuata.

"Dada, wewe leo umetoka wapi?" aliuliza Tumo. "Wanakutazama wewe hawa."

"Wasinitazame," alisema Larona, akaketi chini palepale vumbini, akalia. Baadaye akamnunia dada yake juu ya kitana, bibi harusi naye akalia, na mama yao akasema kama nyumba hii inataka msiba badala ya harusi iseme mapema.

Jumanne saa nane Mma-Oteng alikuwa akitoka kununua tangawizi alipomwona Larona mbele ya kioski ya kona. Hakununua kitu. Alisimama tu mbele ya friji ya vioo, mikono nyuma, akizitazama chupa zilivyopangwa kwa rangi. Alizitazama kama mtu aliyesindikiza basi na bado halijaondoka. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Kisha akajikaza, akageuka, akaondoka haraka, nusura akimbie.

Mma-Oteng akajibanza nyuma ya ukuta mpaka msichana apite. Habari ile ilikuwa nzuri, yenye nyama, ya kusimulia mtaa mzima. Hakumwambia mtu. Aliona huruma, na huruma ile ilimkaa vibaya kwa sababu naye kichwa kilikuwa bado kinabisha hodi.

Jioni hiyohiyo alikuwa na ndoo ya gemere. Haikuwa ya harusi yenyewe. Ilikuwa ndoo ndogo aliyoilaza tangu jana kwa ajili ya vijana waliofunga mahema, na pia kuipima tangawizi mpya kama ina makali. Saa kumi aliichuja uani, akaitia barafu. Larona alikuwa amelala mkekani na kitambaa chenye maji kwenye paji la uso.

"Amka, mwanangu. Kunywa hii. Tangawizi inatuliza kichwa."

Larona akanywa kikombe, akaomba cha pili. Mma-Oteng naye akaonja, maana mpikaji lazima aonje. Akaonja kikombe kizima, kisha akaonja tena kuhakikisha kwamba alichokionja mwanzo ndicho. Nusu saa haikupita, kichwa kikapoa. Walikaa ukutani wawili wale, miguu wameinyoosha, wakatazamana wakaanza kucheka bila sababu. Larona akamsimulia jinsi Tumo anavyotembea akiwa amekasirika, akainuka akamwigiza, na Mma-Oteng akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga ya kichwani. Ni lini mtoto huyu aliwahi kukaa naye hivi? Siku zote akiitwa huja, hujibu, huondoka na simu yake.

"Kesho utanipa tena dawa, shangazi?"

"Saa kumi njoo."

Jumatano alikuja. Alhamisi pia. Mazoezini aliruka kama aliyefunguliwa kamba, na Tumo akaacha kupiga kelele.

Sasa Mma-Oteng alikuwa na habari, na hii haikuwa na haja ya kufichwa. Aliipeleka bombani asubuhi. Aliipeleka kwa fundi cherehani. Aliipeleka kwenye kikao cha akina mama wa kanisa, ambacho kiliitishwa kwa ajili ya vikombe, na vikombe havikuzungumzwa.

"Soda haimkamati mtu," alisema. "Ni kulegea tu. Mtoto kaacha Jumapili, siku mbili kaumwaumwa, ya tatu kachanua. Na mimi mnaniona, sukari nimeitupa mkono, niko hapa nimenawiri. Hawa vijana wanataka kusimamiwa, basi."

Hata Gosego alimwambia hivyo usoni. Muuguzi akaacha kukunja shuka.

"Siku ya tatu tu, mama? Kichwa kimekwisha kabisa?"

"Kimekwisha kabisa."

"Kwako pia?"

"Mimi naruka kama mbuzi."

Gosego akafikiri. "Basi kuna mama mmoja analia kila akija kliniki kwa ajili ya binti yake, ambaye hulala na chupa kitandani. Nitamleta kesho. Umweleze mwenyewe ulivyofanya, labda yeye na wenzake watasikia kwako kuliko kwangu."

"Mlete," alisema Mma-Oteng, na kifua kikamvimba.

*

Ijumaa ilikuwa siku ya gemere kubwa. Mapipa matatu yalioshwa yakapangwa kivulini, maji ya moto yakamiminwa, na wanawake walikuwa waje kusaidia saa kumi na nusu wakishamaliza kukata nyama. Kwa kawaida Mma-Oteng hutia sukari akizungumza. Mfuko unafunguliwa yuko katikati ya habari ya mtu, na mfuko ukiisha habari nayo inafika mahali pa kunong'ona. Leo alikuwa peke yake. Ikabidi aitazame sukari.

Mfuko wa kilo kumi uliingia kwenye pipa la kwanza, ukamwagika kwa sauti ya mvua ndogo juu ya bati. Akaonja. Bado. Akafungua wa pili, akatia nusu yake. Maji yaliimeza yote, akakoroga, na juu hapakuonekana kitu, maji yaleyale ya rangi ya mchanga. Alikaa na upawa mkononi akiyatazama. Ndoo ile ndogo ya Jumanne alikuwa ameipima kwa jicho lilelile.

Akaliacha wazo hilo lipite. Tangawizi ni tangawizi. Bibi yake aliinywa, na bibi yake alikufa mzee sana.

Saa kumi kamili Larona aliingia uani na kikombe cha bati.

"Kichwa kinauma?" aliuliza Mma-Oteng.

"Hapana."

"Tumbo?"

"Hapana. Nimekuja tu."

Alisema hivyo bila kumtazama shangazi. Alikuwa analitazama pipa. Mikono ilikuwa nyuma, kikombe kimening'inia kidoleni, mdomo wazi kidogo. Mma-Oteng aliujua mtazamo ule. Aliuona Jumanne, mbele ya friji ya kioski ya kona.

Akainamisha macho. Palepale juu ya gogo kilikuwa kikombe chake mwenyewe, kimeoshwa, kimefutwa, kimewekwa mdomo juu. Alikiweka hapo saa tisa na nusu. Hakukumbuka kukiweka. Mchana kutwa alikuwa akiuliza saa, kwa huyu na kwa yule, akijiambia anawasubiri wakata nyama.

"Mwanangu, keti," alisema.

"Nikinywa nitaketi."

"Keti kwanza." Akaushika ule mfuko wa sukari mtupu, akaupunga mbele yake kama nguo iliyofuliwa. "Unaona hii? Imeingia humo yote, na nusu ya mwenzake. Ile dawa yetu ya saa kumi ilikuwa hii hii. Hatukuacha kitu mimi na wewe. Tulihama nyumba tu."

Larona aliutazama mfuko, akalitazama pipa, akakiweka kikombe chini taratibu. Alikuwa mwepesi wa akili, na akili yake ilikwenda moja kwa moja kulikouma.

"Nani anajua?"

"Sisi wawili."

"Basi usiseme, shangazi. Nakuomba. Mstari ni kesho."

"Gosego anakuja na mama wa watu. Nimwambie nini? Ampe mwanawe tangawizi?"

"Mwambie chochote. Wewe hukosi la kusema."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimchoma. Alikuwa na maneno ya kutosha kuizima habari hii mpaka ifukiwe. Larona angecheza, upawa ungebaki, na wanawake wangeendelea kumsifu bombani. Na wiki ijayo mtoto huyu angerudi kwenye buti la babu akijua hakika kwamba soda haijamkamata, kwa kuwa shangazi mwenyewe kasema mbele ya kanisa zima.

Akawasikia wakija, Mma-Seabe mbele kwa sauti, nyuma yake wengine, na Gosego akiwa na mwanamke mwembamba aliyekumbatia mkoba wake kifuani. Larona alimshika shangazi kiwiko. Mma-Oteng akaupapasa mkono ule, akautoa, akasimama.

"Kabla hamjaketi," alisema, "nina habari."

"Lini huna?" alisema Mma-Seabe.

"Hii ni yangu mwenyewe."

Akawaambia. Hakutia chumvi, na labda ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza maishani mwake. Alitaja vikombe, viwili kila siku, vyake na vya mtoto. Alitaja saa kumi. Akawaonyesha mfuko. Hata friji ya kioski aliitaja, lakini hakusema ni nani aliyesimama mbele yake. Alisema tu kwamba mtu akishautazama mtungi wa maji matamu kwa jicho lile, asiambiwe kalegea. Larona alikuwa amejificha nyuma yake na kusikia kila neno.

Kisha mmoja akaguna puani, mwingine akajitupa mkekani, na ua mzima ukachafuka kwa kicheko. "Miaka kumi na tisa anatulewesha," alisema mmoja. "Ndiyo maana misibani hatuondoki," alisema mwingine. "Mimi nilijua hatumlilii maiti." Hata yule mwanamke mwembamba alicheka, akausahau mkoba wake ukaanguka.

Aliyeacha kucheka kwanza ni Mma-Seabe. Alinyoosha mkono, kiganja juu. Mma-Oteng akautazama upawa. Mti wake ulikuwa umeshaingia umbo la vidole vyake, ungemsumbua mwingine. Akautoa.

"Na mtoto?" aliuliza mtu.

Larona akatokeza nyuma ya shangazi, macho chini.

"Mtoto aliambiwa soda," alisema Mma-Oteng upesi. "Soda hajaonja."

"Wewe nyamaza, huna upawa," alisema Mma-Seabe. Aliupima ule upawa mkononi, akaupiga kidogo kwenye kiganja, akawatazama wote kama hakimu aliyesubiri cheo miaka mingi. "Mtoto alikuwa anaumwa. Kapewa kikombe na shangazi yake, wiki ya harusi ya dada yake. Yupi hapa aliyewahi kukataa kikombe cha shangazi? Asimame nimwone." Hakusimama mtu. "Basi atacheza. Na akikosea kesho namtoa mimi mwenyewe kwa upawa huu."

Gosego alimsogelea mkwewe. Mma-Oteng alikuwa tayari kusutwa, lakini muuguzi alimwambia polepole tu, "Kesho vichwa vitauma tena, mama. Vyote viwili. Mnywe maji mengi, na msiruke chakula." Kisha akaenda kuketi na yule mwanamke mwembamba, na Larona akaitwa pale. Mma-Oteng, mbali na mapipa, hakusikia walichokuwa wakisema. Aliona tu msichana akizungumza, kwanza kidogo, halafu kwa mikono, akionyesha paji la uso, akionyesha kimo cha buti kwa kiganja, na mwanamke akitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, hivyohivyo.

*

Kichwa kiliuma. Jumamosi Mma-Oteng aliamka nacho, akakifunga lemba jipya juu yake, akaenda harusini.

Hakujua aketi wapi. Miaka kumi na tisa nafasi yake katika harusi ilikuwa nyuma ya nyumba, na mapipa, na moshi, na vikombe mia vikimjia kwa pamoja. Kijana mmoja akamwekea kiti chini ya hema, safu ya pili, akamletea sahani: nyama iliyopondwa, mtama, boga, kabeji. Alikula polepole. Akawa anaona vitu. Aliona kwamba kaka yake hulia harusini, na hufuta machozi kwa tai. Aliona nani kakaa mbali na nani, na hayo peke yake yangemtosha mpaka Pasaka.

Kisha muziki ukapanda na mstari ukatokea upande wa geti.

Hatua za wachezaji alizisikia harusi zote hizo. Zilimfikia kwa vigelegele kupitia ukuta, akajua sasa wanaingia, sasa wanapiga magoti. Kuziona hakuwahi. Larona alikuwa mbele upande wa kulia, nguo ya buluu, uso umekauka kidogo kwa maumivu, kidevu juu. Jozi zote kumi na mbili za viatu ziligusa ardhi kwa sauti moja. Wakaenda mbele, wakarudi, wakayumba kama majani ya mtama, na hapo kwenye mzunguko Larona akageuka kushoto.

Mma-Oteng alishika ukingo wa kiti. Larona akatambua, na badala ya kusimama akacheka, akaendelea huko huko kushoto, akapiga goti moja ambalo halikuwemo. Waliofuata, walioambiwa miezi miwili wamtazame yeye, wakamfuata wote. Hema likapasuka kwa vigelegele. Watu walidhani ndiyo mtindo mpya. Tumo, pembeni ya spika, alijishika kichwa kwa mikono miwili, kisha naye akapiga goti.

"Wa kwenu yule?" aliuliza mgeni wa upande wa bwana harusi.

"Nani, yule wa mbele? Mimi ndiye shangazi yake," alisema Mma-Oteng, akamsogezea kiti. "Sogea nikusimulie."

Alikuwa bado anasimulia Larona alipokuja kuketi miguuni pake, ameloa jasho, ameshika chupa ya maji. Mtu alikuwa amemwekea Mma-Oteng glasi ya gemere pembeni ya sahani. Alikuwa ameshaonja funda moja. Mma-Seabe alikuwa amezidisha sukari kumpita hata yeye, na ilikuwa nzuri mno, na glasi ilikuwa imesimama pale tangu muda huo, ikitoa jasho.

Larona akaitazama. Shangazi akaitazama.

"Saa ngapi?" aliuliza Larona.

"Kumi kasoro dakika tano."

Wakacheka wote wawili, hata yule mgeni akacheka bila kujua anacheka nini.

"Tuiache saa kumi ipite?" alisema Larona.

"Tuiache tuone inakwenda wapi."

Nyuma ya nyumba sauti ya Mma-Seabe ilipanda juu ya muziki, ikiwaambia watu wapange mstari, wasimsukume, yeye ana mikono miwili tu, na Mma-Oteng yuko wapi, mwanamke huyu yuko wapi. Mma-Oteng aliegemea kiti, akainyoosha miguu. Tumo akapiga filimbi ya mzunguko wa pili. Larona akainuka, akampa shangazi chupa ya maji amshikie, akakimbilia nafasi yake ya mbele. Watu walisimama ili waone vizuri, na Mma-Oteng akasimama pamoja nao, na alipokumbuka kuuliza saa, ilikuwa imekaribia kumi na moja.